Pini Gani? Historia ya Chaja Pembezoni mwa Dar es Salaam

Katika maduka ya simu ya Kariakoo siku hizi kunauzwa kichwa cha chaja chenye matundu matatu au manne, kinachoweza kuchaji simu, kompyuta mpakato na pawabanki kwa wakati mmoja. Chaja ya namna hiyo hutangazwa kwa wasafiri, na wanunuzi wengi huiona kuwa kitu cha watu wa ndege na hoteli. Lakini swali inalolijibu lina umri mkubwa kuliko chaja yenyewe, na limeulizwa kwa uzito zaidi Madale, Goba, Mbagala na Chamazi kuliko katika ukumbi wowote wa uwanja wa ndege: chanzo kimoja cha umeme kitahudumiaje vifaa vingi visivyofanana? Hoja ya makala haya ni kwamba wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam wamelijibu swali hilo mara tatu katika muda wa miaka sitini, na kila mara jibu lililodumu lilikuwa lile lile. Kinachomkomboa mtumiaji ni kipimo cha pamoja, yaani makubaliano kwamba kitu cha huyu kitaingia kwenye kitu cha yule. Nguvu, kasi na jina la kampuni hufuata baadaye. Anayeijua historia hiyo atachagua chaja kwa akili kuliko anayesoma maandishi ya boksi peke yake.

Jibu la kwanza lilikuwa betri kavu. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na betri na redio zake za chapa ya National zikaingia katika nyumba za mjini na vijijini. Hizo zilikuwa enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambapo taarifa ya habari, matangazo ya vifo na vipindi vya wakulima vilisikika mbali sana na nguzo yoyote ya umeme. Umuhimu wa betri ile kubwa haukuwa katika nguvu yake, kwa maana ilitoa volti moja na nusu tu. Umuhimu ulikuwa katika umbo lake. Betri iliyotoka kwenye tochi iliingia kwenye redio; iliyonunuliwa Kariakoo ilifaa redio iliyonunuliwa Tanga; na mwenye duka hakuwa na haja ya kumuuliza mteja ana redio ya kampuni gani. Mteja aliulizwa idadi tu: mbili, nne au sita. Zilipochoka, watu walizianika juani, kwa sababu joto huchangamsha kemikali iliyobaki ndani na kutoa uhai wa saa chache zaidi. Wengine walizifunga mfululizo ndani ya karatasi ngumu, nyingi dhaifu zikafanya kazi ya chache zenye nguvu. Ufundi huo wote uliwezekana kwa kuwa kila betri ilifanana na mwenzake. Hapo palikuwa na chanzo kimoja na vifaa vingi, na hakuna aliyehitaji maelezo ya matumizi.

Umeme wa waya ulikuwa na hadithi nyingine. Ulianza Dar es Salaam mwaka 1908 chini ya Wajerumani, ukihudumia karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wakoloni. Waingereza walipoichukua Tanganyika walianzisha idara ya serikali ya umeme, na mwaka 1931 kazi hiyo ikakabidhiwa makampuni binafsi mawili, DARESCO na TANESCO. Serikali ya nchi huru ilianza kununua hisa mwaka 1964, na baada ya kuunganishwa jina lililobaki ni TANESCO. Vyanzo vikaongezeka: Hale mwaka 1964, Kidatu mwaka 1975, Mtera mwaka 1988, Kihansi mwaka 2000. Hata hivyo, mkondo wa usambazaji ulibaki na tabia yake ya tangu mwanzo. Waya ulifuata reli, viwanda na ofisi, kisha makazi yaliyopimwa, na mwisho kabisa makazi yaliyojiotea. Wazo Hill ni mfano mzuri. Kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha pale mwaka 1966, na kiwanda cha saruji hakiwezi kwenda bila umeme mwingi. Lakini mashamba ya Madale, kilomita chache tu nyuma ya kilima kile, hayakuwa sehemu ya mpango huo. Taa za mitambo zilionekana usiku na watu waliowasha vibatari.

Kisha mji ukahama kwa kasi kuliko nguzo. Sensa ya 2002 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu karibu milioni 2.5, ya 2012 ikahesabu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo haikuingia Ilala wala Magomeni, ambako nyumba zilikwisha kubanana. Ilikwenda pembezoni: Madale, Mivumoni, Goba na Bunju upande wa Kinondoni ya wakati ule, Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, Gongo la Mboto na kuendelea upande wa Ilala. Utaratibu ulikuwa mmoja. Mtu alinunua kiwanja, akajenga vyumba viwili, akahamia, halafu ndipo yeye na majirani wakaanza kufuatilia nguzo. Kati ya kuhamia na kuwashiwa ilipita miezi, mara nyingi miaka. Katika pengo hilo ndipo simu ya mkononi ilipoingia. Mobitel ilianza huduma mwaka 1994, Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Mnara mmoja uliweza kufunika mtaa mzima bila kumfikishia mkazi yeyote waya nyumbani, kwa hiyo mtaa usio na nguzo ukawa na simu. Hali hii ilikuwa ngeni: chombo kinachohitaji kuchajiwa kila siku au kila baada ya siku chache kilitangulia umeme wenyewe kufika.

Simu ilikuja na kasoro ambayo betri ya redio haikuwa nayo. Kila kampuni ilitengeneza tundu lake. Nokia za mwanzo zilitumia pini nene. Katikati ya muongo wa 2000 Nokia hiyo hiyo ikahamia pini nyembamba, na mwenye simu mpya akawa hawezi kutumia chaja ya kaka yake mwenye simu ya zamani. Samsung, Siemens, Sony Ericsson na Motorola kila moja ilikuwa na mdomo wake. Ndipo likazuka swali ambalo kizazi kizima cha Watanzania kilikua nalo. Jirani aligonga hodi, akasalimia, akaomba chaja, na kabla ya kujibiwa ndiyo au hapana aliulizwa: pini gani? Swali hilo dogo lina maana kubwa kihistoria. Kuazimana ni nguzo ya maisha ya mtaa. Chumvi, ndoo na ngazi huzunguka nyumba kwa nyumba. Chaja ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza vya nyumbani ambavyo jirani mwenye moyo wa kutoa alishindwa kuazima kwa sababu ya uamuzi uliofanywa na wahandisi wa Finland au Korea. Kipimo cha pamoja kilipopotea, ujirani nao ulipungukiwa na kitu.

Jibu la pili lilitoka mtaani, nalo ni kibanda cha kuchajia simu. Mara nyingi hakikuwa kibanda cha kazi hiyo peke yake. Kinyozi mwenye umeme au jenereta, mwenye duka mwenye betri ya gari, fundi redio mwenye paneli ya sola juu ya bati, wote waligundua kwamba kile kidogo kilichobaki baada ya kazi yao kinaweza kuuzwa kwa mia mbili au mia tatu kwa simu. Hesabu iliwaunga mkono. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 60 hubeba wati-saa 720, na hata ukitumia nusu yake tu ili usiiue, ukatoa na kinachopotea njiani kama joto, bado kinabaki cha kutosha makumi ya simu. Nokia 1100, simu ya mwaka 2003 yenye tochi iliyouzwa kuliko karibu simu zote duniani, ilikuwa na betri ya wati-saa tatu hivi. Mmiliki wa kibanda alipaswa kuwa na kila aina ya pini, na ukutani palining'inia waya kama mizizi ya mkoko. Kibanda kilikuwa chaja ya vifaa vingi kabla ya neno hilo kuandikwa kwenye boksi lolote. Tofauti ni kwamba mteja ndiye aliyesafiri kukifuata.

Kilichoboresha zaidi kazi hiyo ni kobe. Jina lilitokana na umbo: kidude cha plastiki kilichobinuka mgongoni, chenye kibanio na miguu miwili ya chuma iliyoweza kusogezwa, na taa ndogo zilizomulika kikiwa kazini. Betri ilitolewa kwenye simu, ikabanwa na kobe, na miguu ile ikagusa pande zake mbili. Siri ya kobe inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo kiini cha historia hii. Kampuni zilitofautiana kwa pini, lakini kufikia katikati ya muongo wa 2000 karibu zote zilitumia betri za lithiamu za volti 3.7. Kipimo cha pamoja kilikuwepo tayari. Kilifichwa nyuma ya matundu tofauti. Kobe iliruka tundu ikaenda moja kwa moja kwenye betri, mahali ambapo simu zote zilikuwa ndugu. Ilileta na faida ya kijamii. Aliyeacha betri kibandani aliondoka na simu na laini yake mfukoni, na baada ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008, laini ile ilikuwa pia pochi. Tena betri moja ya Nokia, ile ya BL-5C, ilienea kiasi cha kuwa kipimo chenyewe: redio ndogo za Kichina za kadi ya memori zilitengenezwa ziitumie, kama vile redio za zamani zilivyotumia betri kubwa ya National.

Haifai kukipamba kibanda kuliko kilivyokuwa. Kobe ilichaji betri bila ulinzi ambao simu yenyewe hutoa, na betri nyingi zilivimba kwa sababu hiyo. Simu ziliibiwa au kubadilishwa. Mia tatu mara mbili au tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, ni fedha ambayo familia yenye umeme haikuilipa, maana kuchaji simu moja nyumbani hula sehemu ndogo sana ya uniti ya LUKU. Aliye mbali na nguzo alilipia umeme kwa bei ya juu kuliko aliye chini yake. Hiyo ilikuwa dhuluma ya kimya, na inapaswa kuandikwa hivyo. Lakini dhuluma hiyo haifuti ugunduzi. Watu waliokosa kipimo cha pamoja kutoka juu walikitafuta chini, wakakipata ndani ya betri.

Jibu la tatu lilikuja polepole kutoka mbali. Tundu la USB lilibuniwa mwaka 1996 kwa ajili ya kuunganisha kibodi na printa na kompyuta. Lilitoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5, na hakuna aliyelikusudia liwe mlango wa umeme wa dunia. Mwaka 2009 watengenezaji wakubwa wa simu walikubaliana na Umoja wa Ulaya kutumia tundu dogo la USB, na mwaka huo huo Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu ukaidhinisha kipimo hicho. Mwaka 2014 likaja tundu la USB-C, linaloingia upande wowote ule. Sheria ya Ulaya ya 2022 ililifanya kuwa la lazima kwa simu mpya kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato zikapangiwa tarehe 28 Aprili 2026. Hata iPhone ilikuwa imehamia huko tangu 2023. Sababu waliyoitoa Ulaya ni taka: chaja zilizotupwa na zisizotumika zilikadiriwa kufika tani 11,000 kwa mwaka. Huku kwetu tundu hilo lilifika ndani ya simu za Tecno, itel na Infinix, bila sherehe. Wakati huo huo simu zenye betri isiyotoka zilimnyima kobe kazi. Mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguliwa.

Pingamizi la kwanza linaweza kuletwa hapa. Mtu atasema kwamba kipimo hiki kimetengenezwa na wahandisi wa Marekani na Asia na kulazimishwa na wabunge wa Ulaya, kwa hiyo Madale haina sehemu katika historia yake, na kuihusisha ni kujitafutia sifa. Ni kweli kwamba hakuna kibanda cha Goba kilichoketi kwenye kamati ya USB. Lakini historia ya chombo ina sehemu mbili, ya kukibuni na ya kukihitaji, na ya pili ndiyo inayoamua kama kitashika. Ulaya ilitaka chaja moja ili kupunguza taka droani. Pembezoni mwa Dar es Salaam ilihitajika kwa sababu soketi ilikuwa moja, mbali, na ya kulipia. Hitaji la pili ni la ndani zaidi. Ndiyo maana USB ilipofika haikuwa na haja ya kuhubiriwa; watu walikuwa wamekwisha kuishi ndani ya wazo lake kwa miaka mingi kwa kutumia betri kavu, kisha kobe.

Upo upande mwingine wa chaja ambao husahaulika, nao ni ule unaoingia ukutani. Soketi yetu ya meno matatu bapa ni ya kipimo cha Kiingereza cha mwaka 1947, BS 1363. Ilibuniwa na ulinzi wa aina mbili: fyuzi ndani ya plagi, na vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya umeme mpaka jino refu la juu lisukume. Chaja nyingi zilizoingia nchini zilikuja na meno mawili ya mviringo, ya kipimo cha bara la Ulaya. Karibu kila mtoto aliyekulia Dar es Salaam amemwona mtu akichokoza tundu la juu kwa kalamu au kijiti ili vifuniko vifunguke. Kitendo hicho kimeshakuwa desturi, na ni desturi mbaya. Meno membamba hulegea ndani ya soketi pana, mguso ukawa hafifu, na mguso hafifu huzaa joto. Fyuzi nayo haipo. Juu ya hapo huwekwa ekstensheni ya bei ya chini, kisha chaja nne, pasi na jiko la umeme. Moto wa nyumba unaosemwa kuwa wa hitilafu ya umeme huweza kuanzia mahali padogo kama hapo. Kipimo cha pamoja cha upande wa simu hakina faida kama upande wa ukuta umeghushiwa kwa kijiti.

Kwa msafiri, soketi ya ukutani ni ramani ya tawala zilizopita. Meno yetu matatu bapa yanaingia bila taabu Nairobi, Kampala, Muscat na Dubai, kwa kuwa kote huko Mwingereza alitawala au alikuwa na mkono mrefu. Ukivuka kwenda Bujumbura, mahali pa Mbelgiji, utakuta meno mawili ya mviringo. India ilibaki na meno matatu ya mviringo ya kipimo cha zamani cha Kiingereza, na China, wanakokwenda wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, ina soketi za namna yake. Volti hazisumbui tena, kwa sababu chaja karibu zote za leo zimeandikwa volti 100 hadi 240. Kwa hiyo anayesafiri kutoka Madale kwenda Guangzhou hahitaji chaja nne. Anahitaji chaja moja yenye meno ya nyumbani kwake na adapta ndogo ya huko aendako. Meno ya nyumbani ndiyo yatumike kama msingi, maana siku nyingi za maisha ya chaja zitapita nyumbani.

Baada ya meno, hesabu. Wati ni volti mara ampea, na namba zote mbili huandikwa kwenye mwili wa chaja kwa herufi ndogo. Simu ya kawaida hutaka wati 10 hadi 20. Kompyuta mpakato nyingi za USB-C hutaka 45 hadi 65. Namba kubwa iliyopigwa kwenye boksi mara nyingi ni ya tundu moja likiwa peke yake. Chaja ya wati 65 ikichomekwa vifaa viwili hugawa, mara nyingi 45 huku na 20 kule, kama vile kibanda kilivyogawa betri ya gari. Mwenye kompyuta moja na simu mbili atatosheka na 65 akikubali kusubiri kidogo. Mwenye haraka atatafuta 100. Waya nao una kikomo: waya wa kawaida wa USB-C hupitisha hadi wati 60, na zaidi ya hapo unahitajika waya uliotengenezwa kwa ampea tano. Pawabanki ya miliampea-saa 20,000 hubeba wati-saa 74, chini ya 100 zinazoruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi wa ndege. Simu ya leo yenye betri ya miliampea-saa 5,000 inakula wati-saa 19 hivi, mara sita ya Nokia 1100. Ndiyo maana betri ya gari iliyotosha mtaa mwaka 2005 isingetosha kituo cha bodaboda leo.

Pingamizi la pili ni kwamba hadithi hii imekwisha. Nguzo zimefika, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024, treni ya umeme inakwenda Dodoma, na Madale imejaa magorofa. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Lakini mgao wa 2006 na wa 2011, ambao ukame wa Mtera na Kidatu ulichangia sana, ulitufundisha kwamba kuwa na nguzo si sawa na kuwa na umeme kila saa. Tena makazi yaliyo mwisho wa laini hupata volti zinazopanda na kushuka, na umeme unaporudi baada ya kukatika huja kwa kishindo ambacho chaja hafifu haikistahimili. Zaidi ya yote, mkazi wa pembezoni ni msafiri wa kila siku. Anatoka alfajiri kwenda Kariakoo, Posta au Mwenge, anarudi usiku, na kati ya hapo simu yake ni ofisi, benki na ramani. Maneno chaja ya safari yanamhusu yeye kabla ya kumhusu mtu wa ndege.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo linahusu fedha na hatari. Kuweka vifaa vyote kwenye kichwa kimoja ni kuweka mayai yote kapu moja. Kikiungua, nyumba nzima inazima. Na mwenye kipato kidogo atanunua cha elfu tatu kwa sababu ndicho anachokimudu. Katika hoja hii kuna ukweli wa kutosha wa kubadilisha ushauri. Nyumba isibaki na chaja moja tu. Kichwa cha zamani cha wati 10 kinachofanya kazi kitunzwe. Lakini kipimo cha pamoja ndicho kinachopunguza hatari hiyo, kwa kuwa chaja ikifa, ya jirani itaingia. Kuhusu bei, chaja ya ovyo haikosei kwa kuchaji polepole. Hukosea kwa kubana nafasi kati ya upande wa volti 230 na upande wa volti 5, ili plastiki na shaba zipungue, na ukuta huo mwembamba ukivunjika, umeme wa nyumba hufika kwenye simu iliyo mkononi mwa mtoto. Elfu tatu haiwezi kuwa bei ya kitu hicho. Ni afadhali matundu mawili yaliyo salama kuliko manne yenye mashaka.

Hapa pana wajibu wa umma, siyo wa mnunuzi peke yake. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchini, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu kila simu ina namba ya utambulisho inayoonekana kwenye mtandao. Chaja haina namba hiyo. Hakuna mnara unaoweza kuitambua chaja feki na kuizima. Hupita kimya hadi kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Ulinzi hutegemea Shirika la Viwango, TBS, bandarini na madukani, pamoja na mnunuzi anayedai risiti na waranti. Tulipata kipimo cha pamoja cha tundu bila kukipigania. Kipimo cha pamoja cha usalama hakitakuja hivyo. Kinapaswa kudaiwa na watu wale wale ambao zamani walikwenda kibandani na betri mkononi.

Katika nyumba nyingi bado lipo boksi au mfuko wa chaja za kale: pini nene, pini nyembamba, midomo mipana ambayo simu zake zilikwisha kuoza. Kila moja ni ushahidi wa miaka ambayo jirani alirudi kwao mikono mitupu. Leo akigonga hodi Madale jioni umeme ukiwa umerudi, atasalimia, ataomba chaja, na ataitikiwa: ile pale, chukua. Chaja nzuri ya kununua ni ile ambayo mwenye nyumba anaweza kuitoa kwa maneno hayo, bila kuuliza pini gani, na bila hofu ya kile itakachofanya ikifika ukutani kwa mwenzake.